MTU WA MITARO: MAISHA YA JOSEPH BAZALGETTE

 

Kila tunapoandaa jarida hili, wanachama wa Chama cha Kiswahili huandika juu ya watu mashuhuri waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Wengi huwachagua majemadari, washairi na viongozi waliopigania uhuru. Hao ni watu wakubwa, siwakatai. Lakini mwaka huu mimi nimemchagua mtu wa vyoo. Naam, mmesikia vizuri. Wenye kucheka na wacheke sasa wamalize, maana huko mbele kuna makaburi mengi. Na kwa kuwa tumefundishwa tafsida darasani, nitajitahidi kusema majitaka hata pale ambapo wenzangu wa bwenini wangetumia neno jingine.

Joseph William Bazalgette alizaliwa tarehe 28 Machi 1819 huko Enfield, kaskazini mwa London. Jina lake la ukoo si la Kiingereza, ni la Kifaransa. Babu yake alikuwa fundi wa nguo aliyetoka Ufaransa akahamia Uingereza, akapata utajiri kwa kuwashonea wakubwa, hata mwana wa mfalme. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la wanamaji. Kijana Joseph hakushika sindano wala hakupanda meli. Yeye alipenda uhandisi.

Alijifunza kazi kwa mhandisi John MacNeill kule Ireland, wakikausha ardhi yenye majimaji ili ipate kulimwa. Zingatia hapo, msomaji mwenzangu. Tangu ujana wake huyu bwana alikuwa akijifunza jambo moja tu: maji hutaka kwenda wapi, na utafanyaje ili yaende unakotaka wewe. Mwaka 1842 alifungua ofisi yake mjini London. Siku hizo Uingereza nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa kujenga reli, na wahandisi walifanya kazi usiku na mchana. Bazalgette alikuwa mtu wa umbo dogo, na kazi ilimlemea. Mwaka 1847 afya yake ilivunjika kabisa, ikabidi aache kila kitu apumzike. Alipopata nafuu, mwaka 1849, aliajiriwa na tume iliyosimamia mitaro ya London, akiwa msaidizi tu. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Sasa tuitazame London yenyewe, maana bila kuijua hutaelewa kwa nini maisha ya mtu huyu yana maana.

Jamani, usione London ya picha za kalenda ukadhani ndivyo ilivyokuwa tangu Adamu. Zamani kila nyumba ilikuwa na shimo la choo, na kulikuwa na watu wa kuyachota mashimo hayo usiku. Halafu vikaja vyoo vya kuvuta maji. Matajiri wakafurahi: unavuta mnyororo, uchafu unakwenda zake! Lakini ulikwenda wapi? Maji yale mengi yaliyajaza mashimo yakafurika. Mwaka 1848 sheria ikapitishwa kwamba nyumba ziunganishwe na mitaro ya mji. Mitaro hiyo ilikuwa ya maji ya mvua tu, nayo yote ilimiminika katika mto Thames. Basi majitaka ya watu zaidi ya milioni mbili yakaingia mtoni. Tena Thames ni mto unaofuata bahari. Maji yakijaa yanarudi juu, yakipwa yanashuka, mara mbili kwa siku. Uchafu ulioshuka asubuhi ulirudi mchana kuwajulia hali wenyewe.

Na kampuni za maji ziliteka wapi maji ya kuwauzia watu? Nyingi ziliteka mto huo huo.

Kipindupindu kilikwisha kuijua njia ya London tangu miaka ya 1831 na 1832. Kiliporudi mwaka 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 katika mji huo. Mwaka 1853 na 1854 kikaua zaidi ya 10,000. Mtu aliamka mzima, jioni macho yameingia ndani na ngozi imekauka, kesho yake anazikwa. Mitaa ya maskini ndiyo iliyoumia zaidi.

Madaktari walisemaje? Wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na harufu mbaya, yaani hewa chafu inayotoka kwenye uozo. Daktari mmoja, John Snow, alikataa. Yeye alisema ugonjwa umo ndani ya maji. Mwaka 1854 aliwachunguza waliokufa karibu na pampu moja ya maji katika Broad Street, akaona kwamba waliokunywa hapo ndio waliozikwa. Mpini wa pampu ile ukaondolewa. Hata hivyo wakubwa hawakumsadiki. Snow alifariki Juni 1858 bila kuuona ushindi wake. Bazalgette naye, kama wenzake wengi wa siku zile, alifanya kazi yake katika imani ile ile ya harufu. Shikilia jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 1852 mkubwa wake kazini, Frank Forster, alikufa, na Bazalgette akachukua nafasi yake. Mwaka 1856 tume ile ikaondolewa, ikaundwa Bodi ya Ujenzi ya mji mzima, naye akateuliwa kuwa mhandisi mkuu. Isambard Kingdom Brunel, yule mjenzi maarufu wa reli na meli, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Bazalgette alikuwa na mpango tayari. Lakini wapi! Serikali ilibishana na Bodi: mitaro iishie wapi, nani alipe, gharama mbona kubwa. Miaka miwili ikapita katika maneno. Karatasi zikaja, karatasi zikaenda, na watu waliendelea kunywa kile walichokunywa.

Halafu likaja joto la mwaka 1858. Mto ulipungua maji, majitaka yakabaki kingoni yakipikwa na jua. Uvundo ulioinuka haukuwa na mfano. Na Bunge la Uingereza liko wapi? Liko ukingoni mwa Thames! Mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa ya chokaa ili kuzuia harufu, lakini waheshimiwa waliendelea kushika pua kwa leso. Hapo ndipo akili zilipowarudia. Waziri Benjamin Disraeli alipeleka mswada bungeni, na kwa muda wa siku 18 tu, mpaka tarehe 2 Agosti 1858, ukawa sheria. Bodi ikapewa fedha na ruhusa.

Mimi hapo huwa nasita kidogo. Watu zaidi ya 24,000 walikufa katika misimu miwili ya ugonjwa na kazi haikuanza. Uvundo ulipowafikia wakubwa puani, siku 18 zilitosha. Wahenga hawakukosea waliposema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kazi ilianza mwaka 1859. Mpango wa Bazalgette ulikuwa rahisi kuueleza, lakini kuutenda si mchezo. Badala ya mitaro ya mji kumwaga mtoni, alichimba mitaro mikubwa chini ya ardhi iliyokwenda sambamba na mto, kutoka magharibi kuelekea mashariki. Mitaro hiyo iliyakamata majitaka yote kabla hayajafika mtoni, ikayapeleka mbali upande wa chini wa mto, nje ya mji. Mitaro mikuu ilikuwa na urefu wa kilomita 132 hivi, na ile midogo ya mitaani ilizidi kilomita 1,700. Matofali yaliyotumika yalikadiriwa kuwa milioni 318.

Aliijenga mingi kwa umbo la yai lililosimama na ncha chini. Kwa nini? Maji yakiwa machache hujikusanya katika ile ncha nyembamba na kukimbia kwa kasi, hivyo uchafu haubaki nyuma. Alitumia saruji ya aina ya Portland, ambayo hukaza hata ndani ya maji. Wakati huo wajenzi wengi waliiogopa kwa sababu ikiunguzwa vibaya kiwandani haifai kitu. Bazalgette akaagiza saruji yote ipimwe kabla ya kutumiwa, na isiyofaa ikakataliwa. Tena alipiga hesabu ya watu wengi kuliko waliokuwepo siku zile. Asingefanya hivyo, mitaro ingefurika kabla mvi hazijamtoka.

Maji hufuata mteremko, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Bazalgette aliipa mitaro mteremko mdogo, na mvuto wa ardhi ukamfanyia kazi bure. Lakini kusini mwa London ni chini sana. Ukiendelea kuteremka kilomita nyingi, mwishowe mtaro umekuwa chini kuliko mto wenyewe. Utayatoaje majitaka humo? Sharti uyainue. Ndiyo sababu alijenga vituo vya pampu: Deptford mwaka 1864, Crossness 1865, Abbey Mills 1868, na kile cha magharibi, upande wa Chelsea, 1875.

Mimi ninachokipenda zaidi ni Crossness. Sijafika huko, lakini picha zake nimezitazama mpaka nimezikariri. Ndani yake kuna injini nne za mvuke zilizotengenezwa na kampuni ya James Watt, na kila moja ilipewa jina la mtu wa jamii ya kifalme: Victoria, Prince Consort, Albert Edward na Alexandra. Zilifanyaje kazi? Fikiria ile pembea ya watoto ya ubao mmoja, huyu akishuka yule anapanda. Sasa ubao huo uwe boriti ya chuma yenye uzito wa tani 47. Makaa ya mawe yalichemsha maji katika boila, mvuke ukasukuma pistoni, pistoni ikainua na kushusha upande mmoja wa boriti. Mwendo huo ulivuta na kusukuma pampu, na pia ukazungusha gurudumu la tani 52 ambalo lilisaidia mwendo usikatike. Injini ilizunguka mara 11 hivi kwa dakika, taratibu kama mzee anayetembea, na kila ilipopiga iliinua karibu tani sita za majitaka.

Majitaka hayo yaliingizwa katika hodhi kubwa lililofunikwa, yakangojea. Bahari ilipoanza kupwa, milango ikafunguliwa, na mto ukayabeba kuelekea baharini. Watu wa Pwani wataelewa hesabu hiyo upesi kuliko sisi wa bara.

Tarehe 4 Aprili 1865 mwana wa malkia alikuja kuzindua Crossness. Na hebu ona ajabu: nyumba ile ya kusukuma majitaka ilipambwa kama kanisa kuu. Nguzo za chuma, maua na majani ya chuma, rangi nyekundu na kijani. Mchoraji wake alikuwa Charles Henry Driver. Walioijenga hawakuona haya kuipamba kazi ambayo wengine huionea kinyaa.

Lakini kazi ilikuwa bado haijakamilika. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London kikaua zaidi ya watu 5,000. Wengi wao waliishi mashariki ya mji, sehemu ambayo mitaro mipya ilikuwa haijaunganishwa kwa sababu kituo cha Abbey Mills kilikuwa hakijamalizika, na kampuni iliyowauzia maji ilikuwa imewapa maji machafu. Sehemu zilizokwisha kuunganishwa ziliponea. Hapo wengi walianza kukubali kwamba marehemu Snow alikuwa amesema kweli. Miaka ya 1883 na 1884 Robert Koch, daktari Mjerumani, alivichunguza vijidudu vyenyewe huko Misri na India, ubishi ukapungua.

Kwa hiyo tulirudie lile jambo. Bazalgette alikusudia kuondoa harufu, kumbe alikuwa anaondoa vijidudu kwenye maji ya kunywa. Alilenga ndege huyu akampata yule aliyekuwa hatari zaidi. Sababu ni kwamba kazi ilifanywa kwa uangalifu: uchafu ulipotengwa na maji ya watu, ugonjwa ulikosa njia. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua maelfu huko Hamburg, Ujerumani, lakini London haikupata janga kama hilo tena.

Wala msidhani habari hizi ni za Wazungu peke yao. Wimbi lile lile la kipindupindu lililoifikia London mwaka 1866 liliendelea kuzunguka dunia. Daktari Mskoti aliyeitwa James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alifuatilia safari yake akaandika kitabu mwaka 1876. Aliona kwamba lilipitia bara, katika nchi ya Wamaasai, likateremka Pangani na misafara, na mwaka 1869 likafika Unguja na kuua maelfu ya watu. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, alijenga mfereji wa kuleta maji safi ya chemchemi mjini. Kila mji ulisoma somo lile lile kwa makaburi yake wenyewe.

Kazi nyingine kubwa ya Bazalgette ni kingo za mto Thames. Ule wa Victoria ulikamilika mwaka 1870. Alijenga ukuta mtoni, akajaza udongo nyuma yake, na ndani ya udongo huo akapitisha mtaro wa majitaka, mabomba, na njia ya treni ya chini kwa chini. Juu akaweka barabara na miti. Watalii wanaopiga picha pale hawajui kwamba wamekanyaga choo cha mji! Mwaka 1875 alipewa cheo cha Sir.

Sasa nifike mahali pagumu. Mgonjwa husifiwa kwa kupona, lakini ugonjwa ulihamia wapi? Majitaka ya London hayakutoweka. Yaliachwa mtoni kule chini, kaskazini Beckton na kusini Crossness. Watu wa Barking walilalamika kwamba matope machafu yanajaa kwao. Bodi, na Bazalgette mwenyewe, walibisha kwamba si ya mitaro yao. Halafu tarehe 3 Septemba 1878, jioni, meli ya abiria iliyoitwa Princess Alice iligongwa na meli ya makaa ikazama kwa dakika chache, karibu na mahali pale pale, muda si mrefu baada ya milango ya majitaka kufunguliwa. Zaidi ya watu 600 walikufa, wake kwa waume na watoto waliokuwa wakirudi kutoka matembezini. Waliangukia maji yale.

Mimi nyumbani kwetu ni upande wa chini wa mto. Wa juu wakifua, sisi twaona povu. Wa juu wakitupa, sisi twaokota. Kwa hiyo nisomapo habari za Barking, siwasomi kama wageni. Msifu Bazalgette, ndiyo, lakini usisahau kwamba mwisho wa kila mtaro kuna mtu.

Serikali iliunda tume, na tume ikaona kwamba uchafu mzito lazima utenganishwe na maji kwanza. Katika miaka ya mwisho ya kazi ya Bazalgette mitambo hiyo ilianza kujengwa, na meli zikawekwa za kubeba tope hilo baharini. Ya kwanza, ya mwaka 1887, ilipewa jina lake. Hilo nalo lilikuwa ni kusukuma mbele tu, na desturi ya kumwaga baharini ilikomeshwa mwaka 1998.

Bazalgette alistaafu mwaka 1889, baada ya miaka 33 katika cheo kimoja. Aliiaga dunia tarehe 15 Machi 1891 nyumbani kwake Wimbledon, akiwa na umri wa miaka 71. Sanamu yake ndogo imewekwa ukutani katika ukingo ule alioujenga, lakini wapitao wengi hawaitazami.

Je, injini zake? Crossness ilifanya kazi mpaka miaka ya 1950, kisha pampu mpya zikachukua nafasi. Zile kubwa ziliachwa humo zioze, na wezi wakaja kung'oa vipande vya shaba. Katika miaka ya 1980 watu wa kujitolea waliunda chama cha kuziokoa. Walikwangua kutu, wakachonga vipuri, wakapaka rangi, mwaka baada ya mwaka, bila mshahara. Mwaka 2003 Prince Consort ilizunguka tena kwa mvuke, na Crossness imekuwa makumbusho. Mitaro yenyewe haijaingia makumbusho, ingali inafanya kazi. Ila mji umekua mno, na mvua ikinyesha ilikuwa ikifurika mtoni. Hivyo London ilichimba mtaro mwingine mkubwa wa kilomita 25 chini ya mto, na mwaka 2025 ukaunganishwa wote.

Wasomaji wenzangu, kipindupindu kiliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Dawa zake twazijua: maji ya chumvi na sukari kwa mgonjwa, na mbio za hospitali. Lakini dawa ya mji ni mtaro uliojengwa kwa saruji iliyopimwa, na mtu aliyefikiria mwisho wake utamwagika kwa nani. Wako miongoni mwetu watakaosomea uhandisi. Wengi wataota madaraja na majumba marefu, ni haki yao. Ninawaomba wawili watatu tu wakubali kazi ya chini ya ardhi, isiyopigiwa makofi, na wakiifanya wawakumbuke walio upande wa chini wa mto.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na usipochimba mtaro, msomaji, utachimba makaburi.